Tairi Kuukuu na Haki ya Mtoto ya Kucheza

  

Mwezi huu hatutazungumza juu ya mapishi wala ushoni. Tutazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu twakipita njiani bila ya kukitazama, nacho ni tairi la gari lililokwisha kazi yake. Huenda msomaji akauliza: tairi lina nini na malezi ya Kiislamu? Twamwomba atusubiri kidogo, kwani lililotufanya tushike kalamu si tairi, bali ni mtoto aliyekuwa akilikimbilia.

Njia itokayo Mombo kupanda mpaka Lushoto, kwa kupitia Soni, ni ya kiasi cha kilomita 33, nayo ni kona baada ya kona. Upande mmoja mlima, upande wa pili bonde. Wenyeji waijua vizuri, na madereva wa malori yateremshayo kabichi, karoti, viazi na mapea kwenda Tanga na Dar es Salaam waijua zaidi. Siku moja, baada ya Alasiri, tulikuwa tukienda kwa miguu kando ya njia hiyo, kwenda nyumba tuliyoalikwa. Mbele yetu alitoka mtoto wa miaka kama saba, kofia bado i kichwani, maana ndiyo kwanza atoke chuoni. Alikuwa akiendesha tairi kwa kijiti, na uso wake ulijaa furaha. Mahali palipoanza mteremko tairi likamshinda mbio. Likaruka mfereji, likaingia barabarani, na wakati huo huo lori lilikuwa likitokea kwenye kona. Dereva alipiga honi, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Tairi likapita mbele ya lori kwa kiasi cha hatua mbili, likagonga jiwe, likatumbukia bondeni. Nyuma yake alikuwa akija mtoto. Hakusimama kwa kusikia honi. Alisimama kwa sababu ndara yake ilikatika ukanda, akaanguka kando ya mfereji. Mwenyezi Mungu akitaka kumwokoa mja wake, hata ndara mbovu huwa sababu.

Kumbe nyumba tuliyokuwa tukienda ndiyo nyumba ya mtoto yule. Baba yake aliposikia habari alifanya yale ambayo wengi wetu tungeyafanya: alimchapa, kisha akayachukua matairi mawili yaliyokuwa nyuma ya nyumba, akayamwagia mafuta ya taa na kuyatia moto. Moshi mweusi ukafunika migomba, ukaingia jikoni, na nguo za jirani zilizokuwa zimeanikwa zikaharibika. Usiku ule katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na furaha. Na siku ya tatu mtoto yule yule alionekana barabarani tena, safari hii na tairi la pikipiki.

Baba akatwambia kwa huzuni, "Shekhe, mtoto huyu hasikii." Tukamjibu, "Ndugu yetu, mtoto asikia. Umemwambia asicheze wapi. Hujamwambia acheze wapi." Akanyamaza. Maneno hayo mafupi ndiyo tunayotaka kuyaeleza mwezi huu.

MCHEZO SI DHAMBI YA MTOTO

Wako wazee wadhanio kwamba mtoto wa Kiislamu aliyelelewa vyema ni yule atulizaye viungo vyake tangu asubuhi hadi jioni. Atoka shuleni aende chuoni, atoka chuoni akachote maji, kisha alale. Wakimwona acheza, husema anapoteza wakati. Lakini wanavyuoni wetu hawakusema hivyo. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika kitabu chake cha Ihya kwamba mtoto amalizapo masomo yake yafaa aruhusiwe kucheza mchezo mzuri, apumzike kutokana na taabu ya chuo. Na kwamba kumkataza mchezo na kumlazimisha kusoma daima huufisha moyo wake na kuizima akili yake. Huyu si mtu wa mzaha. Ni yeye aliyetuandikia juu ya hofu ya kaburi na hisabu ya Akhera. Hata hivyo aliona haja ya kuandika juu ya mchezo wa mtoto.

Na kabla yake, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alituonyesha. Siku moja alipokuwa akisalisha watu, mjukuu wake alimpanda mgongoni katika sijida, naye akairefusha sijida ile hata masahaba wakaona ajabu. Alipoulizwa, alieleza kwamba hakupenda kumharakisha mtoto kabla hajamaliza haja yake. Vile vile twajua habari ya Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kilipokufa, Mtume (s.a.w.) alimwuliza habari za kindege chake kwa maneno ya upole. Mjumbe aliyebeba mzigo wa umma mzima hakuuona mchezo wa mtoto kuwa ni kitu kidogo.

Lakini kiko kisa kingine ambacho kwa mas'ala yetu ni kizito zaidi, nacho kimo katika Sura Yusuf. Ndugu zake Yusuf walipotaka kumchukua, walimwambia baba yao amwache aende nao akafurahi na kucheza, nao watamlinda. Nabii Yaakub (a.s.) hakuwajibu kwamba kucheza ni kubaya. Alichokiogopa ni mbwa mwitu, na zaidi ya mbwa mwitu alikiogopa kughafilika kwao. Na tuangalie: hatari haikutoka katika mchezo. Ilitoka mahali palipokuwa mbali na macho ya baba, mikononi mwa watu wasioaminika. Katika milima yetu ya Usambara mbwa mwitu wa leo ana magurudumu kumi, na hushuka kutoka Lushoto akiwa amebeba kabichi. Hana kosa, yuko katika njia yake. Kosa ni letu tuliomwachia mtoto njia hiyo iwe ndiyo kiwanja chake.

Basi mtoto atacheza, tupende tusipende. Hilo Mwenyezi Mungu amelitia katika maumbile yake. La kuamua kwetu ni mawili tu: atacheza wapi, na chini ya jicho la nani.

ASILI YA TAIRI, NA KERO YAKE

Ni jambo la kupendeza kujua kwamba tairi la upepo lilipata umaarufu kwa sababu ya mtoto. Mwaka 1887, katika mji wa Belfast, daktari wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop alimwona mwanawe mdogo akisumbuka juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, kwa kuwa magurudumu yale yalikuwa magumu na njia ilikuwa na mawe. Akachukua mpira, akaujaza upepo, akauzungusha juu ya magurudumu ya mwanawe. Kutokana na mapenzi yale ya baba, dunia nzima leo yatembea juu ya matairi. Kwa hiyo tukimrudishia mtoto tairi lililochakaa, twakirudisha kitu kwa mwenyewe.

Lakini tairi lililotupwa hovyo si rafiki wa nyumba. Mvua inyeshapo, maji hukaa ndani yake siku nyingi, nayo ni maji yaliyokingwa na jua na upepo. Mbu aitwaye Aedes, aenezaye homa ya dengi, hupenda sana kutaga humo. Na mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, yakangojea mvua nyingine ndipo yaanguliwe. Mwaka 1985, huko Houston katika Marekani, waligundua kwamba mbu wa kabila hilo kutoka Asia ameweka makazi, naye alisafiri ndani ya shehena za matairi makuukuu. Hapa kwetu Dar es Salaam ilipatwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Huku juu Lushoto, kwenye kimo cha mita kama 1,400, baridi hutupunguzia mbu. Lakini ndugu zetu wa Mombo na Korogwe huko chini hawana kinga hiyo.

Tena rundo la matairi ni nyumba nzuri ya panya. Watu wa Lushoto hawahitaji kuhadithiwa juu ya panya na viroboto wake: tauni ilizuka katika wilaya hii mwaka 1980, na ikawa ikirudi kwa muda wa miaka zaidi ya 20. Na atakayesema, "Basi tuyachome," ajue kwamba moshi wa tairi una sumu, huumiza vifua vya watoto na wazee, na humdhuru jirani asiye na hatia. Dini yetu imekataza mtu kujidhuru na kudhuru wengine.

Lililo bora ni kulitumia. Wazee wetu walilijua hilo zamani, wakakata katambuga kutokana na matairi, wakazivaa shambani na safarini miaka na miaka. Na Bibi Aisha (r.a.) ametusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake. Mwenye kukitengeneza kilichochakaa kikafaa tena hana sababu ya kuona haya.

KUCHAGUA NA KUSAFISHA

Kwanza, tairi lipatikane kwa njia ya halali. Mafundi wa kuziba pancha huko Mombo, Soni na Lushoto mjini huwa nayo mengi, na mara nyingi hufurahi kuyaondoa. Lakini waombwe, na kama wana bei walipwe. Mtoto asitumwe kuokota tairi nyuma ya karakana ya mtu. Hatuwezi kumjengea mwanetu furaha juu ya kitu cha kunyakua.

Pili, tairi likaguliwe. Matairi mengi ya siku hizi yana nyuzi za chuma ndani, na likichakaa sana nyuzi hizo hutokeza nje kama sindano. Fungeni mkono kitambaa kinene, mkipitishe juu ya tairi lote, ndani na nje. Kitambaa kikinasa mahali, tairi hilo halifai kwa mtoto. Chagueni jingine.

Tatu, lioshwe kwa maji ya moto, sabuni na burashi, mpaka grisi na masizi yaishe, kisha likaushwe juani. Watakaotaka kulipendezesha walipake rangi ya mafuta kabla halijawekwa mahali pake. Rangi nyeupe au ya manjano hupunguza joto. Na kwa wakaao chini tambarare hilo ni muhimu, kwa kuwa tairi jeusi likipigwa na jua la mchana laweza kuunguza mapaja ya mtoto. Huko, wekeni vitu hivi kivulini.

Nne, kila tairi litakalosimama au kuning'inia litobolewe matundu manne au matano upande wa chini, ya unene wa kidole, ili maji yasikae. Litakalolazwa chini lijazwe udongo ndani ya kuta zake lisibaki na pango. Msilisahau jambo hili, kwani hatutaki kumpa mtoto pembea kwa mkono wa kulia na homa kwa mkono wa kushoto.

MAMBO MANNE YA KUTENGENEZA

La kwanza ni kisima cha mchanga, kwa watoto wadogo ambao ndio kwanza waanze kutembea. Tafuteni tairi kubwa la lori, au la trekta likipatikana. Kateni ubavu wa juu kwa kisu kikali kilicholoweshwa maji ya sabuni, ili mdomo uwe mpana. Kazi hii huwa nyepesi kwenye ubavu usio na nyuzi za chuma, lakini sehemu ikanyagayo ardhi ina chuma, nayo isiguswe. Kama yupo karibu fundi wa katambuga, mwombeni yeye, kwani mkono wake umezoea. Ulazeni mdomo ule juu, mjaze mchanga wa mtoni uliochekechwa. Usiku ufunikwe kwa mbao au turubai, paka na kuku wasiuchafue.

La pili ni safu ya vilima. Chimbeni mitaro, mzike matairi matano au sita yakiwa yamesimama, nusu ardhini na nusu juu, yakifuatana kwa nafasi ya hatua moja ya mtoto. Shindilieni udongo na mawe kila upande mpaka mtu mzima akisimama juu yake yasitikisike. Watoto watayaruka, watatambaa chini yake, watayakalia kama farasi. Angalieni jambo moja: tundu lisiwe la kiasi cha kupitisha kiwiliwili cha mtoto na kukizuia kichwa. Ama liwe jembamba chini ya sentimita 9, ama liwe pana zaidi ya sentimita 23. Lililo baina ya hayo lizibwe kwa udongo.

La tatu ni ngazi ya mlimani. Nyumba nyingi za Usambara zimejengwa katika mteremko, na ua wake si sawa. Badala ya kulalamika, tumieni mteremko huo. Chimbeni vidaraja, katika kila kimoja mlaze tairi, mlijaze udongo na kulishindilia. Mtapata ngazi ambayo watoto wataipanda na kushuka siku nzima, na mvua za Masika zikija itapunguza mmomonyoko wa udongo wa ua. Lakini tunaonya kwa mkazo: katika mlima, tairi lisiachwe hata usiku mmoja likiwa limesimama bila ya kuzikwa. Mmekwisha kusikia lilivyofanya lile la kwanza.

La nne, ambalo watoto hulipenda kuliko yote, ni pembea. Watu wengi hufunga kamba kwenye tawi la mti wowote ulio karibu. Sisi hatushauri hivyo, kwa kuwa tawi la mparachichi au la mgrivelia, miti tuliyo nayo kwa wingi, huvunjika ghafla bila ya kutoa onyo. Ni bora kusimamisha nguzo za mkaratusi zenye unene wa sentimita 12 au zaidi: mbili kila upande, zimetanuka chini na kukutana juu, na boriti moja imelala juu yake kwa kimo cha mita 2. Nguzo ziingie ardhini sentimita 75 au zaidi. Sehemu itakayozikwa ibabuliwe kwa moto kidogo, mchwa wasiishambulie upesi, na shimo lijazwe mawe na kushindiliwa.

Kuhusu kamba, twajua kwamba Mkoa wa Tanga ni nchi ya katani tangu zao hilo lilipoletwa mwaka 1893, na kamba ya katani ni nzuri kwa kazi nyingi. Lakini kwa pembea iwayo nje ina kasoro: ukungu na mvua huiozesha kwa ndani, nayo kwa nje ikaonekana nzima. Mnyororo, au kamba nene ya nailoni, ni salama zaidi. Asiye na uwezo ila wa katani na atumie katani, lakini aibadilishe kila baada ya msimu wa mvua, asingoje ikatike. Mahali kamba inapogusa boriti pazungushwe kipande cha mpira, isisuguliwe.

Kiti kiwe kimo cha sentimita 40 hivi kutoka ardhini. Mbele na nyuma ya pembea paachwe wazi, kila upande mita 4, yaani mara mbili ya kimo cha boriti. Pasiwe na ukuta, jiwe, wala shimo la taka. Chini yake mwageni mchanga, au unga wa mbao kutoka kwenye viwanda vya mbao, kwa kina cha sentimita 25 au 30, ili aangukaye aangukie palipo laini. Kisha, kabla ya mtoto yeyote kuikalia, watu wazima wawili wakae pamoja na kupembea kwa nguvu. Nguzo ikilia, kazi haijaisha.

MAS'ALA MACHACHE

Huenda akatuuliza mtu: je, yafaa kukata tairi likawa na umbo la farasi au la kasuku, kama tunavyoona wengine wakifanya? Jawabu ni kwamba vitu vya kuchezea watoto vimepewa nafasi yake na wanavyuoni wengi. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na sanamu zake za kuchezea, na miongoni mwake farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume (s.a.w.) alipomwuliza, farasi huwa na mabawa? alijibu kwamba farasi wa Nabii Sulaiman walikuwa nayo, naye Mtume (s.a.w.) akacheka hata magego yake yakaonekana. Basi kwa mchezo wa mtoto hatuoni dhiki. Lakini sanamu ya kupamba mlango wa nyumba ni jambo jingine, na aliye na shaka aiache, atengeneze pembea iliyo tairi tupu. Mtoto hataona tofauti.

Mas'ala ya pili ni wasichana. Tumezoea kuona kaka apiga mpira, na dada, aliye mkubwa wake kwa mwaka mmoja tu, amembeba mdogo wao mgongoni na ndoo kichwani. Mchezo wa uani ni heri kwao zaidi, kwa kuwa wamo ndani ya ua wao na sitara yao. Mwekeeni msichana zamu yake ya pembea, na zamu hiyo isikatwe na kaka yake. Mtume (s.a.w.) alimbeba Umama, binti wa bintiye, katika sala mbele ya macho ya watu. Nani miongoni mwetu atakayesema kwamba furaha ya binti haina uzito?

Mas'ala ya tatu ni jirani na yatima. Pembea ikisimama, watoto wa mtaa watakuja. Wasifukuzwe kwa maneno makali. Pangeni saa, wekeni mtu mzima wa kukaa nao, na adhana ikisikika mchezo usimame. Na wakitoka katika mchezo waoshe mikono kabla ya kula, kwa kuwa mpira si kitu cha kutiwa kinywani. Walimu wa vyuo nao tunawaomba wafikiri: kiwanja kilicho mbele ya madrasa chaweza kupata vilima vitano vya matairi kwa kazi ya siku moja ya wazazi. Huko Unguja, siku za Idi watoto hukusanyika Mnazi Mmoja kwa furaha kubwa. Lakini mtoto ana moyo ule ule hata Jumanne ya kawaida.

MWISHO WA KISA

Wasomaji watapenda kujua lililompata yule baba. Alikubali, ingawa kwa shingo upande. Jumamosi mbili alikaa na mwanawe, wakachimba, wakaosha, wakatoboa. Fundi mmoja aliwapa matairi sita na akachukua mkungu wa ndizi. Jumamosi ya kwanza baba alifanya kazi yote mwenyewe na mtoto akisimama kando, kwa kuwa alikuwa bado anamwogopa kwa ile fimbo. Jumamosi ya pili mtoto alishika sabuni. Alipofika tairi la nne akauliza kama hili nalo litachomwa moto. Baba hakujibu upesi. Kisha akamwambia, "Hapana, mwanangu. Yale nilikosea."

Sisi tuliokuwapo twasema kwamba neno hilo lilikuwa na thamani kuliko pembea. Watoto wetu wanatusikia tukiwaamrisha kutwa. Ni mara chache wanatusikia tukikiri kosa, na wengine hawatusikii kabisa.

Hatusemi kwamba sasa mtoto yule hatoki tena barabarani. Mtoto ni mtoto, na barabara ipo pale pale. Lakini jioni hukaa uani, na baba yake, ambaye zamani alikuwa akirudi shambani jua likiwa limekwisha kuchwa, siku hizi hurudi mapema, akatandika mkeka karibu na ngazi ile ya matairi, akakaa mpaka Magharibi. Kila mwezi hukagua kamba na misumari. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya mchezo huu, nayo hailipwi kwa fedha. Tairi ni bure, mchanga ni bure. Jicho la mzazi ndilo ghali. Nasi sote ni wachunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu katika njia na majumba, awafanye kitulizo cha macho yetu, na atupe subira ya kukaa nao. Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya kuandaa nyumba kwa ajili ya mgonjwa mzee. Wabillahi tawfiq.